Winchi ya nanga haipokei kila mnyororo

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi kutoka kwa wenye boti ni kwamba winchi ya nanga "inaruka". Unabonyeza swichi ya kupandisha, mnyororo unapanda vizuri mita mbili tatu, halafu tak! Kishindo kinasikika na kipande kizima kinarudi majini. Lawama huiendea mota, au betri, au fundi aliyeifunga. Mimi huanza kwa kuomba rula.

Winchi haivuti mnyororo kwa kuubana kama inavyobana kamba. Pingili za mnyororo hupishana: moja imelala, inayofuata imesimama. Gurudumu la winchi lina vishimo vilivyochongwa kuuzunguka ukingo wake, na mfereji mwembamba unaopita katikati. Pingili iliyolala hukaa kishimoni, iliyosimama hupita mferejini. Kwa hiyo kutoka kishimo hadi kishimo ni lazima pawe na urefu wa pingili mbili kamili. Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, maana dukani mnyororo huuzwa kwa unene wa chuma chake, ilhali gurudumu linajali zaidi urefu wa ndani wa pingili.

Chukua mnyororo wa milimita 10. Upo uliotengenezwa kwa kiwango cha Ujerumani, DIN 766, ambao pingili yake ina milimita 28 kwa ndani. Upo pia wa kiwango cha kimataifa, ISO 4565, wenye milimita 30. Ukining'inizwa ukutani peke yake, hata mzoefu anaweza asiujue ni upi. Lakini kwenye gurudumu lililochongwa kwa kiwango kile kingine, kila kishimo kinatofautiana na mnyororo kwa milimita 4, na kufikia kishimo cha pili tofauti imekuwa milimita 8, karibu unene wa mnyororo wenyewe. Pingili haizami tena, inapanda juu ya ukuta wa kishimo na kungoja mzigo uongezeke ili iteleze. Katika mnyororo wa milimita 8 viwango vyote viwili vina pingili ya milimita 24. Ndiyo maana mtu aliyezoea boti ndogo miaka yote hajawahi kuisikia habari hii, na siku anapohamia boti kubwa anaagiza "wa kumi" bila kuuliza zaidi.

Nami niliwahi kuingia mtego huo. Muuzaji aliniambia kwenye simu kwamba wa kumi ni wa kumi, hakuna mwingine. Tuliufunga, tukaupitisha kwenye winchi boti ikiwa nchi kavu, ukapita bila shida, kwa sababu mnyororo usio na uzito hupita popote. Tulipotia nanga kwenye kina na kuanza kuivuta, ukaanza kuruka. Tangu hapo siamini jaribio lolote lisilo na mzigo.

Kupima ni rahisi. Nyoosha mnyororo sakafuni, uvute ukazike, hesabu pingili 10, kisha pima kutoka ukingo wa nje wa pingili ya kwanza hadi ukingo wa nje wa ile ya kumi. Jibu ni urefu wa ndani mara kumi, jumlisha unene wa chuma mara mbili. Ukipata milimita 300 mnyororo wako wa 10 ni wa DIN. Ukipata 320 ni wa ISO. Usipime pingili moja tu, maana kosa dogo la jicho hapo linatosha kukupeleka kwenye kiwango kisicho chako. Kisha tafuta namba iliyochapwa kwenye gurudumu lenyewe, mara nyingi ubavuni, na uilinganishe na kijitabu cha mtengenezaji wa winchi. Mnyororo wa inchi una mambo yake: 3/8 ni karibu milimita 9.5, kwa hiyo usiuone ni ndugu wa 10, na hata ndani ya unene huo mmoja zipo aina zenye pingili fupi na zenye pingili ndefu. Kwa kawaida kubadilisha gurudumu ni nafuu kuliko kubadilisha mnyororo wote.

Daraja la chuma ni suala jingine, na wengi hulichanganya na hili. G30 na G40 zinaeleza nguvu, hazielezi umbo. Mnyororo wa milimita 10 wa G40 hukatika kwenye takriban tani 6.3, wa G30 kwenye tani 4.8, na wote wanaweza kukaa kwenye gurudumu lilelile iwapo urefu wa pingili ni mmoja.

Mnyororo uliokuwa ukikaa vizuri unaweza pia kuanza kuruka uzeeni. Pale pingili zinaposuguana chuma kinalika, na kila kinapolika urefu wa ndani unaongezeka. Kipande kilicho karibu na nanga ndicho huchakaa mapema, hivyo geuza ncha mara kwa mara kabla hakijaharibika.

Kuna nyakati ambapo vipimo vyote viko sawa na bado winchi inaruka. Angalia shimo la mnyororo, yaani chumba cha chini ya sitaha unamohifadhiwa. Ukishuka unajilundika kama kichuguu, na kilele kikifika karibu na sitaha hakuna uzito tena wa kuuvuta utoke kwenye gurudumu. Winchi ya kulala, yaani ile ambayo ekseli yake imelala, huteseka zaidi, kwa kuwa mnyororo unaligusa gurudumu lake kwa robo duara tu, wakati ile ya kusimama huupata nusu duara. Pingili za kuungia zinazouzwa kwa haraka nazo mara nyingi ni nene kuliko nyingine, na hukwama palepale.

Winchi ikishamaliza kazi ya kupandisha na kushusha, ipumzishwe. Boti ikiwa imetia nanga, mvuto ubebwe na kamba ya nailoni yenye ndoano inayoshika mnyororo, huku ncha yake ya pili imefungwa kwenye nguzo imara ya omo, usiachiwe gurudumu. Na wakati wa kung'oa nanga, sogeza boti kwa injini kuelekea iliko nanga. Winchi ikusanye ulegevu tu.

Ncha ya mwisho ya mnyororo, ile iliyo shimoni, ifungwe kwa kamba wala si kwa shakeli (pingu ya chuma), na kamba hiyo iwe ndefu kiasi cha kutokeza juu ya sitaha mnyororo wote ukiishia majini, ili ukilazimika kuuacha, kisu kiifikie kamba.