Kituo cha jamii ni nini? Maana yake kupitia holi za Eastlands

Kituo cha jamii ni jengo la umma lililo mtaani, la kufikika kwa miguu, ambamo wakazi hupata huduma kadhaa na pia hukutana kwa shughuli zao wenyewe. Nairobi, hasa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji, watu husema holi tu: holi ya Kaloleni, holi ya Makadara, holi ya Pumwani.

Kinachokitenga na majengo mengine ya umma ni kutokuwa na kazi moja. Huduma Centre, zilizoanza mwaka 2013, unaenda kufuata kitambulisho au cheti, ukishahudumiwa unaondoka. Kwa chifu unaenda una shida, au umeitwa. Holini ni tofauti. Asubuhi kina mama wa chama wamevuta viti vya plastiki wakaketi duara, daftari la michango likiwa mapajani mwa mweka hazina. Alasiri vijana wanapiga gunia la ngumi linaloning'inia kwa mnyororo. Magharibi kamati ya mazishi inapanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani, na Jumamosi kuna harusi. Hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Wazo lenyewe lina mizizi ng'ambo. Mwaka 1884 ilifunguliwa Toynbee Hall mashariki mwa London, na mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr wakaanzisha Hull House mjini Chicago. Wasomi walihamia mitaa ya maskini, wakaishi huko na kuendesha masomo, vilabu na huduma za watoto.

Nairobi, dhana hii ililetwa na wakoloni kwa nia nyingine kabisa. Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi mpita njia, na saa zake za mapumziko zilitakiwa ziwe mahali zinapoonekana. Pumwani ilipotengwa kuwa mtaa wa Waafrika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ukumbi wa Pumwani Memorial ulijengwa huko katika miaka ya 1920.

Na pesa za huduma hizo zilitoka wapi? Hili halisemwi vya kutosha. Manispaa ilijipa peke yake haki ya kuuza pombe ya kienyeji, ikafungua kilabu chake Pumwani, na waliojipikia majumbani wakawa wanakamatwa. Faida iliingia katika mfuko maalumu wa huduma za Waafrika. Kilichotajwa kuwa ukarimu wa serikali kililipiwa na vibarua na wapagazi wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Kwangu mimi, hapo ndipo penye haki ya wakazi juu ya holi hizi, hata kabla ya kufika kwenye sheria.

Kaloleni ilifuata katika miaka ya 1940. Nyumba zake za mawe zilipangwa kuzunguka viwanja vya wazi, na mtaa ukapewa holi, maktaba na zahanati. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ulilishika wazo hilo: kila mtaa uwe na huduma zake karibu. Wapangaji walidhani mtu aliye na mahali pa kucheza na kusoma hatakuwa na haja ya siasa.

Wakazi wakafanya kinyume chake. Tarehe 23 Aprili 1950, wanachama wa KAU (Kenya African Union), chama cha siasa cha Waafrika, na wa chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki walikutana katika holi ya Kaloleni. Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasimama akatoa hoja ya kutaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Tarehe 15 Mei alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Ndiyo maana wazee wa Kaloleni huizungumzia holi yao kama bunge, na wana kila sababu.

Baada ya uhuru holi zilibaki mikononi mwa baraza la jiji, na tangu 2013 ziko chini ya kaunti. Zimechakaa: mabati yanavuja, vyoo havina maji. Lakini si zote zilizosahauliwa. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya maktaba ya McMillan iliyo katikati ya jiji, zimekarabatiwa miaka ya karibuni na shirika la Book Bunk kwa ushirikiano na kaunti, na watoto wana mahali pa kufanyia kazi za shule.

Rangi mpya peke yake haitoshi. Ili kujua kama holi ya mtaa wako bado ni kituo cha jamii, uliza ufunguo unakaa kwa nani, ada ya siku ni kiasi gani, inalipwa wapi, risiti inatolewa au la, na kikundi kisicho na kitu kinaingiaje. Holi inayofunguliwa kwa wenye harusi kubwa pekee ni ukumbi wa kukodisha. Katiba ya 2010 inaipa kaunti jukumu la vifaa vya michezo, utamaduni na burudani, kwa hiyo maswali haya yapelekwe kwenye vikao vya maoni ya bajeti, pamoja na majina na sahihi za vikundi vinavyoitumia.