Kwota haihesabu unachotumia, inahesabu ulichoomba

Juzi baada ya magharibi nipo Raskazone napunga upepo, simu inaita, dogo mmoja ambaye timu yake ina nemspesi (sehemu yao wenyewe) kwenye klasta yetu, yaani kundi la mashine tunazoendeshea programu. "Kaka shikamoo, klasta imejaa, tuongezee kwota." Hii ni mara ya tano au sita mwezi huu naambiwa hivyo hivyo, na kila mara klasta haijajaa, kwa hiyo leo naandika ili nikiulizwa tena nitume hii.

Dhana yenyewe ni kwamba kwota (kikomo cha CPU na memori cha kila nemspesi) ya Kubernetes, mfumo unaoendesha programu kwenye klasta, inapima matumizi. Yaani mtu anafungua grafu anaona programu zake zote zinakula nusu CPU, kwota yake ni CPU 6, anasema mbona bado ipo kibao, kwanini nakataliwa? Hapana jamani. Kwota haiijui grafu yako kabisa. Inajumlisha rikwesti, yaani kiasi mlichoomba kwenye YAML (faili la maelezo ya programu), basi, na inajumlisha pale podi, yaani nakala moja ya programu yako, inapotaka kuumbwa, ikiona jumla imezidi inakataa hapo hapo. Ni kama basi la Tanga kwenda Dar, ukikata tiketi tatu ukapanda peke yako, kwenye daftari la mkata tiketi siti tatu zimeuzwa, hata kama mbili zinakwenda tupu mpaka mwisho wa safari.

Sasa huyu dogo alikuwa na podi 3, kila moja imeomba CPU 2, mara tatu ni 6, kwota imeisha. Akasukuma toleo jipya, amri ikakubaliwa vizuri tu, watu wakaendelea kuona la zamani saa nzima. Kwanini? Kwa mpangilio wa kubadilisha podi ukiachwa ulivyokuja, ule wa 25%, deploimenti (kinachosimamia podi za programu na matoleo yake) ya podi 3 lazima ifungue podi moja mpya ndio iue ya zamani, na hiyo mpya nayo inataka 2 ambazo hazipo. Na ujumbe wa kukataliwa hutaukuta kwenye podi maana podi yenyewe haijazaliwa, uko kwenye matukio ya ReplicaSet (inayoumba podi kwa niaba ya deploimenti), fanya amri ya kubectl describe pale utaona imeandikwa "exceeded quota" na namba zote. Nawaomba muangalie hapo kabla hamjapiga simu.

Dawa yake sio kuongezewa. Angalia matumizi ya wiki nzima, chukua pale yalipopanda juu kabisa, ongeza nafasi kidogo ya kupumua, hiyo ndio rikwesti yako. Yeye tulimshusha mpaka 300m kwa podi (m ni sehemu ya 1000 ya CPU moja). Ila kuna mtego: ukishusha namba kwenye YAML ukasukuma, bado utakataliwa, sababu zile tatu za zamani bado zimekalia 6 zote! Punguza kwanza podi ziwe 2, nafasi itapatikana, mpya zikishaingia rudisha 3. Na hii inaniuma kweli kwa sababu CPU uliyoiomba bure skedula, inayopangia podi mashine, inaihesabu imechukuliwa kwenye nodi (mashine moja ya klasta), timu ya jirani podi zao zinakaa Pending, yaani zinasubiri nafasi, wakati mashine zimelala.

Wengine wanasema nimepewa kwota ya 6 basi 6 zangu zimetengwa zinanisubiri. Hapana, kwota ni ruhusa ya kukata tiketi mwisho ngapi, haisemi basi lina siti. Jumla ya kwota za timu zote inaweza kuzidi klasta nzima, na hapo anayewahi ndio anapata.

Kushusha kwota kunaua podi? Hakuui. Zinazotembea zinaachwa, zinazokataliwa ni mpya tu. Lakini podi yako ikifa usiku na kuumbwa upya ndio utajua, kwahiyo msishushe kwota Ijumaa jioni mkaenda zenu nyumbani.

Podi imekufa na kodi 137 (namba ya kuonyesha imeuliwa kwa nguvu), mtu anasema "kwota imeniua". Mara nyingi hiyo ni limiti (kikomo cha juu cha kutumia) ya memori ya kontena lako mwenyewe, yaani programu iliyo ndani ya podi. Ukizidisha limiti ya CPU unapunguzwa kasi tu, ukizidisha ya memori unauliwa, hakuna mjadala.

Na mwisho, kuacha rikwesti wazi ili "usihesabiwe". Nemspesi ikiwa na kwota ya CPU au memori, podi isiyoandika rikwesti inakataliwa moja kwa moja, labda msimamizi awe ameweka LimitRange, kanuni ya kuwajazia namba msipoandika. Ila kuandika nako muwe makini, 400m kwenye CPU ni sehemu 400 za 1000 za kiini kimoja, lakini 400m kwenye memori haifiki hata baiti moja. Andika 400Mi (mebibaiti 400). Hilo kosa nimelikuta kwenye mafaili ya timu tatu tofauti.