Vyuma havimpi mwanamke mwili wa kiume

Dada wengi wakifika jimu huviepuka vyuma, kwa kuwa wameambiwa vitawajaza misuli ya kiume. Si kweli, na hofu hii inawanyima mengi.

Misuli hukua pale nyuzi zake zinapoelemewa na mzigo, kisha mwili ukazijenga upya kwa protini wakati wa mapumziko. Homoni ya testosteroni huukuza sana ujenzi huo. Kwa mwanamume hutoka hasa kwenye korodani. Mwanamke naye anayo, kutoka kwenye ovari na tezi zilizo juu ya figo, ila kiwango cha mwanamume mzima ni zaidi ya mara 10 ya chake. Kunyanyua vyuma hakuzibi pengo hilo. Hata wanaume, pamoja na homoni hiyo tele, huhangaika miaka kupata kifua kipana.

Nguvu mwanamke ataipata, tena nyingi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kama kilo 20: mama anayeitwika kila siku ana nguvu, na mabega yake ni yaleyale ya kike. Mifupa pia, ambayo hudhoofika haraka homoni ya kike ya estrojeni inaposhuka baada ya hedhi kukoma, hunufaika na mzigo.