Amarone: Kuuonja Uchungu Wake na Kuuchagulia Chakula

Wengi ninaowamiminia Amarone kwa mara ya kwanza huniambia kwamba ni mvinyo mtamu. Siwalaumu, kwa sababu harufu inayotangulia ni ya zabibu kavu, tini na cheri zilizoiva kupita kiasi, na pua ikishahisi matunda makavu, ulimi nao hujiandaa kupokea sukari. Lakini jina lenyewe linasema vingine: kwa Kiitaliano amaro ni chungu, na Amarone ni chungu kwa ukubwa wake. Kwa maoni yangu, mtu ambaye hajaukuta ule uchungu mwishoni mwa funda bado hajaujua mvinyo huu, na itamwia vigumu kuuchagulia chakula.

Amarone hutoka Valpolicella, katika vilima vilivyo kaskazini mwa mji wa Verona nchini Italia, na zabibu yake kuu ni Corvina, ikisaidiwa na Corvinone na Rondinella. Wakati wa mavuno huchaguliwa vichala vizima ambavyo punje zake hazikubanana, ili hewa ipite kati yake, na badala ya kukamuliwa hapo hapo hutandazwa ghalani, zamani juu ya majamvi ya matete, siku hizi zaidi katika kreti zisizo na kina. Hukaa humo takriban siku 100 hadi 120, mpaka zipoteze kama theluthi moja ya uzito wake au zaidi. Waitaliano huita kazi hiyo appassimento. Nilipoingia katika ghala la namna hiyo mwezi wa Januari, nilikutana na baridi na kivuli, ilhali akilini mwangu kukausha kitu kulikuwa ni kukianika juani. Zabibu hizi hunyauka polepole, na adui yake ni unyevu unaoleta ukungu, ndiyo maana madirisha hufunguliwa siku za upepo mkavu, na feni huwashwa hewa inapotulia.

Maji yanapopungua, sukari, uchachu na tanini, ile iletayo ukakasi kinywani, hukolea ndani ya punje, na chachu inayogeuza sukari kuwa kilevi hupata kazi ndefu katikati ya majira ya baridi. Ikisimama kabla ya kumaliza sukari, kinachopatikana ni Recioto, mvinyo mtamu ambao ni mzazi wa Amarone. Ikiachwa iendelee karibu hadi mwisho, utamu huondoka na kilevi hupanda: kanuni zinadai kisipungue asilimia 14, na chupa nyingi hufika 15 au 16. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1936 pipa la Recioto lililosahauliwa lilikutwa limechacha mpaka likawa kavu, na kwamba jina lilizaliwa siku hiyo. Baada ya hapo mvinyo hupumzishwa miaka isiyopungua 2, na ule unaoitwa Riserva miaka 4.

Kuhusu kuuonja, jambo la kwanza ni joto lake. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe katika joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha nyumba ya mawe yenye baridi, si sebule ya Dar es Salaam au Mombasa. Amarone hupendeza kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi, kwa hiyo kwetu chupa iingie kwenye jokofu kwa muda kabla ya kufunguliwa, kwani ukiwa na joto kilevi huruka mbele na kuziba pua isipate kitu kingine. Umimine katika jagi la kioo saa moja au mbili mapema, kisha katika glasi pana isiyozidi theluthi moja. Ukipiga funda, liache litulie kinywani: kwanza huja matunda, mazito na ya mviringo, kisha ukakasi unaoshika fizi, kisha joto la kilevi kooni, na mwishoni, baada ya kumeza, uchungu unaofanana na wa lozi au wa kahawa chungu. Uchungu huo ndio unaouzuia mvinyo usigeuke jemu. Wapo watengenezaji wanaoacha sukari kidogo zaidi ili kuwaridhisha wanunuzi, na mvinyo wao hupendeza kwa glasi moja, lakini mezani huchosha upesi.

Chakula kinachoufaa ni kile kilichokaa jikoni muda mrefu. Verona hupika nyama ya ng'ombe kwa moto mdogo ndani ya mvinyo kwa saa kadhaa, na vilevile pastissada de caval, mchuzi mzito wa nyama ya farasi unaoliwa na polenta, ambayo msomaji wetu ataitambua kama ndugu wa ugali. Mafuta na ute wa nyama iliyolainika hupunguza makali ya tanini, na uzito wa mchuzi hulingana na uzito wa mvinyo, kiasi kwamba hakuna kinachomzidi mwenzake. Upo pia wali wa risotto unaopikwa kwa Amarone yenyewe. Samaki siushauri kabisa. Pilipili nayo ikae mbali, kwa maana kilevi cha kiasi hiki huzidisha muwasho wake. Pilau ya nyama ya ng'ombe, kwa upande wake, nimeijaribu mara nyingi na sijajuta, kwa kuwa karafuu na mdalasini hukutana na viungo vilivyomo ndani ya mvinyo wenyewe. Sharti ni kachumbari yenye ndimu na pilipili ibaki pembeni.

Vitamu vya baada ya chakula huuharibu, kwa sababu sukari ya keki huufanya uchungu uonekane mkali na mtupu. Hapo mimina Recioto. Amarone iliyobaki chupani inywewe na jibini gumu lililokomaa, Monte Veronese kutoka milima ya Lessini au Parmigiano Reggiano ya zaidi ya miaka 2, iliyomegwa vipande badala ya kukatwa, bila asali wala jemu, kwa sababu chumvi yake yatosha kuulainisha ule uchungu bila kuufuta.