Mbao za dawa kwenye tuta la mboga

Wanaotaka kulima mboga uani huniuliza kama mbao za dawa, zile za kijani, zinafaa kuzungushia tuta. Mimi kazi yangu ni mbao, nami huwarudishia swali: dawa gani? Kijani huletwa na shaba, na shaba imo katika dawa nyingi, mbaya na nafuu.

Ya kuangaliwa ni CCA, yaani mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, ambayo ni sumu. Mbao huingizwa kwenye tangi, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Shaba hukabili kuvu, aseniki huua mchwa, kromi huvishika vyote visioshwe na mvua. Ila havishikiki vyote, kidogo huvuja. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwa mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Kwetu bado utaikuta kwenye nguzo za umeme na za uzio.

Aseniki ikivuja haiendi mbali. Hunasa kwenye mfinyanzi na chuma cha udongo, ikajikusanya sentimita chache kutoka ubaoni. Nyanya na bilinganya hupeleka kidogo sana kwenye tunda. Karoti na figili ni habari nyingine, maana aseniki nyingi hubaki mizizini na kwenye ganda. Mchicha nao hurukiwa na udongo mvua ikipiga. Kama tuta lako tayari ni la mbao hizo, usilivunje. Tandika nailoni nzito upande wa ndani wa mbao, chini pabaki wazi maji yapite, na mboga za mizizi uzipande kwingine.

Mimi hunitisha zaidi vile vipande vya mbao za CCA anavyobakiza fundi. Kwa kawaida huishia jikoni. Moshi wake una aseniki, na majivu yake yana sumu iliyokolea kuliko ubao wenyewe. Kisha majivu hayohayo tunayamwaga kwenye sukuma wiki kufukuza wadudu! Vipande hivyo havichomwi, wala havipikiwi, hata mkaa ukipanda bei.

Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka mbao kuzuia mchwa, siitaki kabisa karibu na mboga: imebeba metali na mabaki ya mafuta yaliyoungua, mengine ya kusababisha saratani. Mataruma ya zamani ya reli yaliyolowekwa kreosoti, mafuta meusi ya lami ya makaa, nayo vilevile. Mwenye fedha anunue mvule au mninga. Mimi ningejengea tofali za saruji tu. Mchwa hawazili na hazihitaji dawa.