Mkubwa agawe, mdogo achague

Ramani ya Ujerumani ya karne ya 15 inafanana na shuka lililoshonwa kwa viraka. Mara nyingi aliyeikata si adui. Ni baba aliyefariki akaacha wana watatu.

Hapo mwanzo utemi haukuwa mali. Ulikuwa wadhifa: mfalme alimkabidhi mtu jimbo ili aamue kesi na kumletea askari vita vikizuka. Lakini cheo kikishashikwa na baba, mwana na mjukuu, huanza kuonekana kama shamba la ukoo. Kufikia karne ya 13 watemi wengi walikuwa wakigawana nchi hivyo, na kumpa mmoja zote huku nduguze wakisukumwa kanisani kulionekana dhuluma.

Mwaka 1356 Kaisari Karl IV alikataza kugawa nchi za watemi waliokuwa na kura ya kumchagua mfalme. Katazo hilo lilihusu nchi iliyobeba kura tu. Ndiyo maana ndugu wawili wa Saksonia, Ernst na Albrecht, waliotawala pamoja tangu 1464, waliweza kuachana mwaka 1485 mjini Leipzig. Wittenberg, penye kura, ilibaki kwa Ernst. Zilizosalia zilifuata desturi: mkubwa agawe, mdogo achague. Ernst akapanga mafungu mawili, Albrecht akachukua la Meissen. Migodi ya fedha haikukatwa. Waliendelea kuimiliki pamoja, maana hapo hakuna aliyemwamini mwenzake.

Bavaria ilikatwa zaidi. Ukoo wa Wittelsbach, uliotawala huko, uliigawa vipande viwili mwaka 1255, na mwaka 1392 ndugu watatu wakagawana sehemu yao: Ingolstadt, Landshut na München. Straubing ilikuwa tayari imejitenga, na mtawala wake wa mwisho alipofariki mwaka 1425, nayo ikachanwa baina ya jamaa wanne. Kila mtemi alitaka ngome yake na watumishi wake, kwa kodi ya nchi iliyozidi kupungua.

Kilichounganisha vipande kilikuwa kukosa wana wa kiume. Georg wa Landshut alipofariki mwaka 1503, alikuwa ameusia nchi kwa bintiye Elisabeth. Binamu yake Albrecht IV wa München alikataa, vita vikawaka, na Elisabeth na mumewe wakafariki mwaka 1504 kabla havijaisha. Mfalme Maximilian aliamua shauri mwaka 1505, akajikatia Kufstein na Kitzbühel kama ujira wa hakimu!

Mwaka 1506 Albrecht aliweka sheria: tangu sasa Bavaria ni ya mwana wa kwanza peke yake. Akafariki mwaka 1508. Mwanawe mdogo, Ludwig, akasema sheria haimhusu, kwani yeye alizaliwa kabla haijaandikwa. Kuanzia 1514 alitawala pamoja na kaka yake, akiwa na makao Landshut, mpaka alipofariki mwaka 1545 bila kuoa.