Chalenji ya siku 30 ya kuchora mwili: tazama nyayo kwanza

Nikipewa daftari la mtu aliyeanza chalenji ya kuchora binadamu kila siku, sura naziruka. Naangalia nyayo. Mara nyingi nakuta watu wanaelea: macho yamechorwa hadi kope, vifungo vya shati vyote vipo, ila ukishuka chini hakuna mguu hata mmoja uliobeba mwili. Mtu wa hivyo hajasimama, ametundikwa kama nguo kwenye kamba. Ndiyo maana mpango ninaoutetea unaanza na uzito, unafuata vipimo, na sura zinasubiri. Mwezi ukiisha hujazifikia, hakuna hasara.

Dakika 20 kwa siku zinatosha, zikigawanywa hivi: michoro 10 ya sekunde 30, mitano ya dakika moja, miwili ya dakika tano. Hiyo ni michoro 17 kwa siku, 510 kwa mwezi. Ya sekunde 30 iweke mitano kwenye ukurasa, ya dakika moja yote ikae ukurasa mmoja, ya dakika tano kila mmoja upate wake. Zinakuwa kurasa tano kwa siku, 150 kwa mwezi, kwa hiyo rimu moja ya A4 yenye karatasi 500 inawatosha watu watatu hata wakichora upande mmoja tu. Daftari la bei kubwa sikushauri. Utaogopa kuliharibu, na kazi ya mwezi huu ni kuharibu karatasi. Michoro ya haraka tumia peni ya kawaida kwa sababu haifutiki. Ya dakika tano, penseli ya 2B au 4B. Raba iache nyumbani wiki mbili za kwanza, na muda upimwe na simu. Ukijipimia kichwani, sekunde 30 zitageuka dakika tatu.

Sasa uzito. Mafundi ujenzi wanalo timazi, na mchoraji naye analihitaji. Mtazame mtu anayesubiri kitu, ameelemea mguu mmoja. Kutoka kile kishimo cha chini ya koo, katikati ya mifupa ya mabega, angusha uzi wa kufikirika hadi ardhini: utatua karibu na kisigino cha mguu uliobeba. Upande wa mguu huo nyonga imepanda, na bega la upande huohuo limeshuka. Mguu wa pili umelegea, goti limekunjika kidogo, na ukiunyanyua mtu haanguki. Kwa hiyo ndani ya sekunde 30 fuata mpangilio huu: mstari mmoja kutoka kichwani hadi kisigino kilichobeba, mteremko wa mabega, mteremko wa nyonga, halafu mguu uliolegea. Mikono ije ikiwa muda umebaki. Kichwa ni yai tupu. Chora kwa kuzungusha bega zima, usitumie vidole, vinginevyo utapata vile vimistari vifupifupi vya manyoya ambavyo havionyeshi mwili unaelekea wapi.

Kanuni hiyo ina mtego, na ndoo ya maji ndiyo inayoufichua. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 hivi. Mama anayeibeba kichwani anatembea nyonga zikipanda na kushuka kila hatua, lakini mabega yake yamekaa sawa na shingo imenyooka. Ukimwekea bega lililoshuka kama la yule anayesubiri, umeimwaga ndoo. Timazi hapa linaanzia katikati ya ndoo yenyewe. Ndoo hiyohiyo ikishikwa kwa mkono mmoja, mambo yanageuka: kiwiliwili kinalala upande wa pili na mkono mtupu unafunguka mbali na mwili. Zichore zote mbili siku moja kwenye ukurasa mmoja. Tofauti yake utaielewa kuliko maelezo yangu yote.

Kijana wa bodaboda aliyeegemea pikipiki ni somo jingine, kwa sababu sehemu ya uzito wake imeingia kwenye siti. Pikipiki ianze kwa mstari mmoja au miwili, kisha mtu. Jaribio lake ni rahisi: ziba pikipiki kwa kidole. Kijana asipoonekana anaanguka, hukuchora kuegemea.

Vipimo viingie wiki ya pili. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi, kichwa kimoja kikiwa ni kutoka utosini hadi kidevuni. Nusu ya mwili iko kwenye kinena, si kiunoni kama wengi wanavyodhani. Mkono ukining'inia, kiwiko kinafika usawa wa kiuno, kifundo usawa wa kinena, na ncha za vidole katikati ya paja. Kiganja pamoja na vidole kinafunika uso kutoka kidevuni hadi karibu na nywele zinapoanzia, kwa hiyo viganja vidogo kama vya mwanasesere ni kosa unaloweza kulihakikisha kwenye uso wako mwenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa vinne hivi, wa miaka mitatu kama vitano. Ukimchora mtoto wa mgongoni kwa vipimo vya mama yake, unapata mzee mfupi.

Kichwa kikubwa na miguu mifupi ni ugonjwa wa karibu kila daftari, na sababu zake ni mbili. Kwanza, mchoraji anaanza na kichwa, anateremka, karatasi inaisha magotini, basi anaibana miguu iingie. Dawa: weka alama ya utosi, ya nyayo na ya katikati kabla ya chochote. Ya pili haisemwi sana: karatasi imelala mapajani. Sehemu ya juu iko mbali na jicho, inaonekana imefinyika, na mkono unairefusha bila wewe kujua. Simamisha ubao wa klipu uegemee magoti, jicho liikabili karatasi moja kwa moja. Kaa pia mbali na unayemchora, mara tatu ya urefu wake, yaani kama mita tano kwa mtu mzima. Ukiwa kwenye kigoda mita moja na nusu tu kutoka kwake, miguu itakuwa minene na kichwa kidogo, na hapo jicho lako halijakosea, umekaa pabaya.

Kwa pozi ndefu, hakuna darasa linaloshinda saluni ya kusuka. Msusi yuko kwenye kiti, msukwaji kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na hawaondoki kwa saa kadhaa. Omba ruhusa, halafu kaa mbele yao. Mapaja ya msusi yanakuja kwako, na hapo ndipo mkono unapodanganya: unachora paja kwa urefu unaoujua badala ya unaouona. Anza na duara la goti, kisha duara la nyonga nyuma yake, yaunganishe. Mara nyingi maduara yanapandana na paja lenyewe karibu linapotea. Acha lipotee.

Kwa kinyozi chunguza mkono ulioinuliwa. Kiwiko kikipita usawa wa bega, bega nalo hupanda na kusogelea sikio. Nguo pana zisikutishe: kanga iliyofungwa kiunoni inakupa mteremko wa nyonga kwa ukingo wake wa juu. Na ukibahatika kuona muheme, ile ngoma ya Kigogo ambayo kina mama huibana katikati ya mapaja, utapata pozi ambayo uzito umegawanyika miguu yote miwili, magoti yamefunguka, na mikono yote ina kazi.

Nje, chora kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi au kuanzia saa 10 jioni. Mchana jua liko juu, vivuli vinaangukia miguuni na mwili unabaki bapa. Upepo wa kiangazi hapa Dodoma unadai klipu juu na chini ya ubao.

Anayeshindwa kuamini kwamba mwendo unakuja kabla ya vipimo apande gari la Babati ashuke Kolo, Kondoa, aone michoro ya kale ya miambani. Watu waliochorwa kwenye miamba ile, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, ni wembamba na warefu kupita kipimo chochote nilichokitaja hapo juu. Hata hivyo aliyeinama unamjua ameinama.

Kila ukurasa uandike tarehe. Ukikosa siku, usilipe deni kwa michoro 34 kesho yake, endelea na 17. Siku ya 30 rudia pozi mbili za dakika tano za siku ya kwanza, kisha chukua rula upime kichwa na urefu mzima katika kila mchoro. Siku ya kwanza ikikupa vichwa vitano na nusu na ya mwisho saba, umejua mkono wako umesogea kiasi gani.